Bibi Alinituma Swali Ujerumani

Hotuba hii niliitoa Moshi mbele ya wahitimu wa kidato cha sita, wazazi na walimu. Wengi mliokosa kufika mmeniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu mlionifundisha na msionifundisha, wazazi wangu, shikamooni. Wadogo zangu wahitimu, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Naam, sasa nimesikia. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma Ujerumani. Nimesoma huko miaka miwili na nusu, katika mji wa Leipzig, mashariki ya nchi, jimbo la Sachsen. Nilikwenda Oktoba 2021, nikarudi Aprili 2024 na shahada ya uzamili ya mambo ya maji na mazingira. Najua mliokaa mistari ya mbele mnasubiri habari za viza na ufadhili. Nitazisema. Lakini naomba nianze na usiku wa kuamkia safari.

Usiku ule nililala kwa bibi, Old Moshi. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuni za mti wa kahawa, na bibi alikuwa anageuza ndizi kwenye makaa kwa vidole, kama anavyofanya siku zote. Hakuniuliza habari za chuo. Hakuniuliza nitarudi lini. Alisema hivi: "Huko unakokwenda ndiko walikopeleka kichwa cha Mangi. Ukifika, uwaulize wamekiweka wapi."

Ninyi wa hapa hamhitaji maelezo, ila wapo wageni kati yetu. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, mtini, pamoja na viongozi wenzake. Wazee wetu husimulia kwamba baada ya hapo kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ulaya. Zaidi ya miaka 120 imepita na watu wa ukoo wake bado wanakitafuta. Kwa bibi yangu hiyo si historia ya darasani. Ni jambo la nyumbani ambalo halijaisha.

Mimi nilikuwa na barua ya chuo, tiketi na masweta mawili. Sikujua swali kama lile huulizwa nani. Nikamwitikia tu, "Ndiyo bibi," kama mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani.

Ndugu zangu, swali huulizwa kwa lugha. Hapo nitakaa kidogo. Masomo yangu yalikuwa kwa Kiingereza. Wenzangu kutoka India, Nigeria na Kolombia, tuliongea Kiingereza. Majira ya baridi ya kwanza korona ilikuwa bado ipo, mihadhara mingi tuliisikiliza kwenye kompyuta, kila mtu chumbani kwake. Unaweza ukakaa Ujerumani miaka miwili, ukaondoka na shahada yako, na usiwe umezungumza na Mjerumani hata mmoja jambo lolote la maana. Nimewaona walioishi hivyo. Miezi minne ya kwanza na mimi niliishi hivyo. Sasa niambieni, habari za Mangi ningemuuliza nani? Muuza mikate? Kwa lugha ipi?

Februari nikajiandikisha darasa la jioni, mara tatu kwa wiki. Wadogo zangu, mtaambiwa Kijerumani ni kigumu kwa sababu ya der, die na das. Kila nomino ina jinsia yake. Kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu hakimo huku wala huku. Darasa zima lililalamika: kwa nini? Sababu yake nini? Mimi na dada mmoja wa Kisumu tulitazamana. Kwani sisi tuna nini? Tuna kitabu hiki, mti huu, jiwe hili, nyumba hii, ukuta huu. Tumezaliwa na ngeli nyingi kuliko hizo tatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mama yake kwa nini mti umepangwa pamoja na mkono. Kwa hiyo usikubali kutishwa. Mtoto aliyekua anapanga kila kitu duniani katika ngeli zake ana mtaji ambao wenzake hawana. Nomino uijifunze na der, die au das yake tangu siku ya kwanza, kama ulivyojifunza "kitabu hiki", na usitafute sababu.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno Schule. Nikainua mkono. Nikasema neno hilo nalijua tangu nina miaka sita, kwetu ni shule. Akatabasamu, akidhani nimebahatisha. Nikaongeza la pili: hela. Bibi yangu hasemi pesa, husema hela, na hela ni Heller, sarafu ambayo serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliingiza kwetu mwaka 1904, heller mia moja kwa rupia moja. Darasa likanyamaza. Mwalimu wangu, mama wa makamo aliyefundisha wageni lugha yake miaka mingi, akaweka kalamu mezani. Akasema, "Hilo sikulijua." Na alipolisema hakuona haya. Alitaka kujua zaidi, akavuta kiti akakaa. Jioni ile nilitoka darasani nikitembea tofauti, kwa sababu niliona kuna mambo ya nchi yao ambayo ninayajua mimi na wao hawayajui.

Sasa nawaletea mtu wa pili katika hadithi hii. Ghorofa ya chini ya nyumba niliyopanga aliishi mama mjane, umri umepita themanini. Nikimuuliza kama anaendelea vizuri hujibu "nu, nu", ambayo ndiyo "ndiyo" ya watu wa Sachsen, na haimo katika kitabu chochote nilichosomea. Jumapili moja ya Oktoba alinialika kahawa na keki. Wajerumani wa umri wake Jumapili alasiri hukaa mezani, kitambaa kimetandikwa, kuna kahawa, kuna keki, na watu wanazungumza. Akaniambia nije halb drei. Neno kwa neno ni "nusu tatu". Nikapiga hesabu zangu: tatu na nusu yao, kwa saa zetu tisa na nusu.

Nikafika saa tisa na nusu kamili, nimevaa kitenge. Akafungua mlango. Meza ilikuwa imetandikwa ya watu wawili. Keki ya tufaha haijaguswa. Kahawa ilikuwa imepoa ndani ya birika. Mama wa miaka themanini na kitu alikuwa amekaa kwenye kiti chake saa nzima akinisubiri. Kumbe halb drei ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu.

Naona mnacheka. Siku ile mimi sikucheka. Kumkalisha mzee mezani saa nzima, mzee aliyekuokea keki kwa mikono yake! Nilipiga goti pale pale mlangoni, kama ninavyompigia bibi, nikaomba radhi kwa Kijerumani changu cha kuokoteza. Akanishika mkono akaniinua, akachemsha kahawa nyingine, kisha akachukua penseli na bahasha ya bili ya umeme, akanichorea saa. Akanieleza kwamba wao wa huku mashariki wanaihesabu saa kama debe linalojazwa: robo ya tatu, nusu ya tatu, robo tatu za tatu, kisha tatu yenyewe. Nikaigeuza bahasha, nami nikamchorea saa yetu inayoanza kuhesabu jua likichomoza, jua likishatoka ni saa moja, linapokuwa utosini ni saa sita. Akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hii yenu inaeleweka."

Bahasha yenyewe ni hii hapa. Waliokaa nyuma mtaiona baadaye. Upande huu saa yake, upande huu saa yangu.

Kijerumani kina "wewe" mbili. Sie ni ya heshima, kwa mtu usiyemzoea. Du ni ya watu wa karibu, na mkubwa ndiye anayekuruhusu. Siku ile alinipa du, akasema nimwite kwa jina lake la kwanza. Nikamwambia, mama, kwetu siwezi kumwita mtu wa umri wa bibi yangu jina lake hivi hivi. Tukakubaliana nimwite Oma, maana yake bibi. Basi nikawa na bibi wawili.

Je, utamaduni wa Wajerumani ni nini? Mtasikia ni kufika kwa wakati, ni soseji na bia, ni kutenganisha takataka: karatasi pipa la bluu, maganda ya vyakula pipa la kahawia, plastiki za vifungashio pipa la njano. Ni kweli hayo yapo. Chupa ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Jumapili maduka yamefungwa na ukipiga nyundo ukutani jirani atakugongea mlango. Yote hayo utayazoea kwa mwezi mmoja. Mimi utamaduni wao niliuona bustanini kwa Oma.

Mji wa Leipzig una maelfu ya bustani ndogo zilizokaa pamoja, zinaitwa Schrebergarten, kwa jina la Moritz Schreber, daktari wa mji huo huo. Chama cha kwanza kilianzishwa mwaka 1864, yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki. Wapo watu wanaokodi kipande kile miaka arobaini, hamsini. Na kuna sheria: walau theluthi moja ya kipande ulime matunda na mboga, na kibanda chako kisizidi mita za mraba 24. Si mahali pa kujenga nyumba, ni mahali pa kulima.

Nilipofika mara ya kwanza nilisimama langoni. Juu kuna mitufaha na miplamu, kati kuna maharage yamepanda fito, chini kuna stroberi na vitunguu, pembeni pipa la kukinga maji ya mvua na shimo la mboji. Cha juu, cha kati, cha chini. Nikamwambia Oma, hiki ni kihamba. Akauliza kihamba ni nini. Wazazi wangu, ni nani aliyewahi kuulizwa kihamba ni nini, tena kwa Kijerumani? Nikamweleza migomba inavyofunika kahawa, magimbi chini yake, ng'ombe zizini, mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, masale mpakani, na makaburi ya wazee humo humo ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sisi wafu wetu tumewapeleka mbali na bustani." Akanipa jembe dogo, tukapalilia vitunguu.

Tukiwa tunapalilia nilimuuliza alikuwa wapi mwaka 1989. Nililijua jambo lenyewe kutoka vitabuni. Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki, nchi iliyofungwa. Kila Jumatatu watu walikusanyika katika kanisa la Nikolai kuombea amani, kisha wakaanza kutoka nje na kuandamana. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 walitoka watu wapatao 70,000. Polisi na wanajeshi walikuwa wamejipanga, na mjini uvumi umeenea kwamba hospitali zimeandaa damu. Risasi hazikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Hayo niliyasoma. Lakini Oma aliniambia alimpelekea dada yake funguo za nyumba kabla ya kutoka. Aliniambia alishika mshumaa mkono wa kulia, wa kushoto ukikinga upepo, na nta ilimchoma kidole hakuisikia mpaka alipofika kwake usiku. Nikamuuliza, hukuogopa? Akasema, "Niliogopa mpaka magoti." Kisha akaendelea na vitunguu vyake.

Hapo ndipo nilipomwambia nilichotumwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia Mjerumani. Nilimwambia kuhusu mti, kuhusu tarehe 2 Machi 1900, kuhusu bibi na ndizi zake kwenye makaa. Alinyamaza. Akafuta mikono kwa aproni, akachukua pakiti tupu ya mbegu za karoti na kuniomba nimtajie jina herufi kwa herufi. M, E, L, I. Akaandika.

Wiki iliyofuata akaniambia: "Nimeishi mji huu zaidi ya miaka themanini. Jina la Meli sikuwahi kulisikia. La Hans Meyer nalijua tangu utotoni."

Mnamjua Hans Meyer? Wanaopandisha wageni mlimani wanamjua. Mtu wa Leipzig, wa familia ya wachapishaji wa vitabu. Alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, wakiwa na watu wa kwetu waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Akakipa kilele jina la Kaizari wa Ujerumani, akachukua jiwe la juu kabisa, akalipasua, na nusu moja akampelekea Kaizari. Angalieni tarehe hizo mbili. Oktoba 1889, mtu wa Leipzig anasimama juu ya mlima wetu na kuupa jina la mfalme wake. Oktoba 1989, watu wa Leipzig wanatoka barabarani kuwaambia watawala wao kwamba sisi ndio wananchi. Ni mji mmoja, miaka mia moja na siku tatu kati yake.

Oma akasema, twende Grassi. Hiyo ni makumbusho ya mjini pale, na wametumia miaka ya karibuni kuyapanga upya kwa kuanza na swali: vitu hivi tulivipataje? Kundi la wasanii lilikuwa limefanya humo kazi juu ya jiwe la Kibo, wakachangisha fedha wainunue nusu ya pili ya jiwe, iliyokuwa kwa muuza vitu vya kale huko Austria, ili irudi Tanzania. Oma alisoma kila kibao, taratibu, miwani mkononi. Mimi nilikuwa namtazama yeye kuliko nilivyotazama vitu. Niseme ukweli: sikutegemea kumwona mzee wa miaka themanini anajifunza historia yake kwa sababu ya swali la bibi wa Old Moshi.

Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani kila mlango ulifunguliwa. Haukufunguliwa. Wiki ya kwanza natafuta chumba, mwenye nyumba mmoja aliniambia kwa simu chumba kipo, njoo. Nikafika. Akaniangalia usoni, akasema kimeshachukuliwa. Usiku tangazo lilikuwa bado lipo. Liliniuma, na hata leo ninapolisema linaniuma. Desemba jua linazama saa kumi jioni. Saa kumi! Unaingia maktaba hakujapambazuka vizuri, unatoka usiku umeshaingia. Kuna siku mbili tatu nililia nikiwa nimekaa sakafuni karibu na kifaa cha kupasha joto. Mkienda, tafuteni watu mapema, msisubiri baridi iwatafutie. Mimi nilijiponya Ijumaa jioni katika kanisa la Thomas, alikozikwa Bach, ambako kwaya ya wavulana imekuwa ikiimba tangu mwaka 1212. Waliimba tenzi ambazo maneno yake nilikuwa bado siyaelewi, lakini sauti zake tunaziimba huku kila Jumapili. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, sauti zikabaki. Nilikuwa naimba kwa Kiswahili chini chini, na hakuna aliyegeuka.

Haya, fedha, nisije nikasahau. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula. Jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa viza, kama huna ufadhili, unatakiwa uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Ni fedha nyingi, najua, na ndiyo maana nawaambia muombe ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, anzeni kuandaa mwaka mmoja kabla. Mengine tutazungumza nje.

Narudi kwenye swali. Julai 2023 nilikwenda Berlin. Huko, na katika miji mingi ya Ujerumani, utaona vijiwe vya shaba vimepachikwa njiani mbele ya nyumba, sentimita 10 kwa 10. Kila kijiwe ni mtu mmoja aliyeishi pale akachukuliwa na Wanazi. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha kazi hiyo, na vimeshapita 100,000. Nilikwenda Brunnenstraße, namba 193, kutafuta kimoja. Nikakiona. Kilikuwa na vumbi, nikapiga goti nikakipangusa kwa kanga yangu. Ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, akaenda Berlin mwaka 1929, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alihudumu mezani, aliigiza katika filamu, alifundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 walimkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Mtu wa Dar es Salaam! Mwalimu wa Kiswahili! Wangapi hapa mlikuwa mnalijua jina lake? Inueni mikono. Watatu. Wakati nimeinama, kijana wa Kijerumani na mwanawe mdogo walisimama. Mtoto akauliza, baba, huyu alikuwa nani? Baba akanitazama mimi. Nikamjibu mtoto kwa Kijerumani. Alikuwa wa kwetu, alitoka mji wa baharini, mbali, alikuwa akiwafundisha watu lugha yangu. Mtoto akataka kujua lugha yangu inasemaje jua. Nikamwambia: jua. Akalirudia mara tatu.

Septemba mwaka huo nilikuwa kwenye tramu habari zilipotoka. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali Berlin ilikuwa imechunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, mia mbili na kitu ya Tanzania, ambayo iliyapokea mwaka 2011 kutoka hospitali ya Charité. Walichukua mate ya watu wa huku kwetu wanaotafuta wazee wao, wakalinganisha vinasaba. Fuvu moja likapata ndugu walio hai, huku huku Kilimanjaro. Ni la mtu aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, aliyejulikana kama Akida. Mafuvu mengine mawili yakakaribia sana ukoo mmoja. Cha Mangi mwenyewe hakikuwamo. Nilishuka kituo kisicho changu, nikampigia bibi nimesimama mvuani. Akauliza, "Huyo Akida wamemfunika, au yuko wazi?" Sikuwa na jibu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa waliyotendewa wazee wetu. Nikampigia tena bibi. Nikidhani atafurahi. Aliuliza jambo moja: "Alishika sale?" Wageni wetu, sale ni jani tunaloombea radhi Uchagani. Ukilileta, mliyemkosea hawezi kukufukuza. Nikamwambia bibi, amekwenda kwa Wangoni, huko hawana sale. Akasema, "Basi na huku aje nalo."

Januari 2024 chuoni kulikuwa na mhadhara wa wazi juu ya mabaki ya watu yaliyoko makumbusho. Ukumbi umejaa. Oma alikuwa mstari wa tatu, amevaa koti lake la kanisani. Swali nililiandika kwenye karatasi, nimelisoma mbele yake jikoni kwake mara tisa, akinirekebisha der na die. Ulipofika wakati wa maswali nilisimama. Nikasema natoka Old Moshi, nimetumwa na bibi yangu, nimepewa swali mwaka 2021 nami naliuliza leo kwa sababu leo ndipo nina lugha ya kuliulizia. Kichwa cha Mangi Meli mmekiweka wapi?

Mtoa mhadhara hakukimbilia kujibu. Alisema, "Hatujui. Na hatujui kwa sababu kwa miaka mingi hatukutafuta." Akaeleza kwamba mabaki yametawanyika katika makumbusho, vyuo na hospitali nyingi, na sehemu nyingi hazijahakikiwa. Baadaye watu sita walinifuata, mmoja akaandika jina la Mangi nyuma ya mkono wake kwa sababu hakuwa na karatasi.

Nilirudi Aprili. Nikapanda Old Moshi siku ya pili yake. Bibi alikuwa anaanika kahawa. Hakuniuliza shahada. Aliuliza, "Umewauliza?" Nikasema nimewauliza, bibi. "Wamesemaje?" Wamesema hawajui, na kwamba hawakutafuta. Akaendelea kugeuza kahawa kwenye mkeka, kwa kiganja, mstari kwa mstari. Nikamwonyesha bahasha hii. Nikamweleza saa ya Oma na saa yetu. Aliishika, akaitazama pande zote mbili, akaniuliza kama huyo mama ana watoto, na kama kuna mtu wa kumchotea maji. Kisha akasema, "Na anayefuata kwenda ni nani?"

Nimekaa nalo hilo tangu Aprili, na mwalimu mkuu aliponiita nije hapa sikusita. Fomu ninazo, za DAAD na za vyuo vitatu, na nimekuja na daftari la masomo ya Kijerumani ya mwanzo kwa atakayetaka kunakili. Nitakuwa nje, chini ya mwembe, mpaka saa kumi na moja. Atakayekuja aje na cheti chake cha kidato cha nne na kalamu. Asanteni sana.